Mambo ya Kuweka Sawa Kabla Hujaitwa Kwenye Usaili

Tangazo la kuitwa kwenye usaili likishatoka, muda unaobaki mara nyingi ni siku chache tu, na anayezitumia siku hizo kukimbizana na nyaraka hapati hata saa moja ya kutulia na kufikiri atajibu nini. Kwa sababu hiyo haya yanamhusu zaidi mtu ambaye bado hajaitwa, yule aliyetuma maombi ya kazi za Serikali ya Tanzania kupitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi hizo, na sasa anasubiri. Wanaoomba kwenye kampuni binafsi na mashirika wachukue yanayowafaa, na mengi yatawafaa.

Tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma lisomwe lote, pamoja na orodha ya masharti inayotangulia majina, ambayo wengi huiruka ili wajitafute kwenye jedwali. Namba ya usaili inakiliwe kutoka kwenye akaunti yako mapema. Kitambulisho kiwe kimojawapo cha vilivyotajwa. Vyeti viwe halisi, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha elimu ya juu kabisa uliyoiombea kazi. Hati za matokeo na vyeti vya muda havipokelewi, hata ukiwa na maelezo mazuri kiasi gani. Aliyesoma nje ya nchi awe na uthibitisho wa TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya kati na vya ufundi) au NECTA (mitihani ya shule), kulingana na kiwango cha elimu yake. Mwenye taaluma inayosimamiwa na bodi aje na cheti cha usajili na leseni ambayo haijaisha muda.

Ukishavikusanya vyeti vyote, vipange mezani kimoja kando ya kingine, uyasome majina herufi kwa herufi. Hapa naomba msomaji asiharakishe.

Mtoto wa dada yangu aliitwa kwenye usaili wa mahojiano wa taasisi moja ya umma baada ya kufaulu mchujo wa kuandika, ambao peke yake ulikuwa umewashinda wengi. Cheti chake cha kuzaliwa kina majina matatu, na la tatu, la babu yake, limeandikwa Swalehe. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili tu. La babu halimo, kwa kuwa aliyejaza fomu za usajili wa mtihani aliona mawili yanatosha. Cheti cha shahada kina yote matatu, ila Swalehe amekuwa Salehe, na kitambulisho cha Taifa kikafuata cha chuo. Nyumbani sote tulilijua jambo hilo na tulikuwa tukilichekea, tukisema kwamba mzee ana majina mengi kuliko mashamba.

Alipoitwa, jirani mmoja anayejulikana kwa kujua mambo alimshauri aende mahakamani akaape kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Binti akaenda, akaapa, hati ikagongwa muhuri, akapanda basi la usiku. Kwenye meza ya uhakiki, ofisa alivipanga vyeti vyake, akapitisha kalamu juu ya kila jina, akaisoma hati ya kiapo hadi mwisho, kisha akamrudishia vyote kwa adabu na kumwonyesha sharti lililokuwamo kwenye karatasi ileile aliyoishika mkononi: msailiwa ambaye majina yake yanatofautiana aje na Deed Poll, yaani hati ya jina, iliyosajiliwa na Msajili wa Hati. Hakuonewa. Wenzake waliendelea na usaili, yeye akarudi stendi.

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba ushauri wa yule jirani bado nausikia ukitolewa mitaani, tena kwa sauti ya uhakika. Kiapo cha mahakamani ni kitu kimoja, na hati ya jina iliyosajiliwa ni kitu kingine. Hiyo ya pili huandaliwa na wakili, mwenye jina huitia saini akieleza jina ambalo atalitumia tangu hapo, hulipiwa ada na ushuru wa stempu, ndipo hupelekwa kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kila hatua ina foleni yake, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba zote zitakamilika kati ya tangazo na siku ya usaili. Ifuatilie sasa, wakati huna presha. Kama kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa chenyewe, anzia RITA, wakala unaosajili vizazi na vifo, uulize kama linaweza kusahihishwa huko, kwa kuwa pengine utajiokolea gharama. Ukiipata hati, ipandishe kwenye akaunti yako ya maombi pamoja na vyeti vingine, na ile halisi ikae kwenye bahasha moja navyo.

Binti yetu aliniambia baadaye kwamba usiku ule ndani ya basi hakulala, na kila alipojaribu kukumbuka majibu aliyojiandaa nayo, kilichomjia kichwani kilikuwa jina la babu yake. Ndiyo maana siyaamini sana mafunzo ya kujiamini yanayoanza kwa kumsimamisha mtu mbele ya kioo. Mtu anayejua kwamba ndani ya bahasha yake kuna kitu hakijakaa sawa ataingia chumbani na sauti ya kuomba radhi, na jopo litaisikia kabla hajamaliza salamu.

Nyaraka zikishatulia, isome taasisi yenyewe, na uisome kwa kina zaidi ya kukariri dira na dhamira kutoka kwenye tovuti. Anayekwenda RUWASA, kwa mfano, ajue kwamba wakala huo ulianzishwa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, kwamba kazi yake ni maji ya vijijini, na kwamba mtu wa Dar es Salaam anayelalamikia bili yake ya maji anapaswa kwenda DAWASA, mamlaka ya maji ya huko. Anayechanganya hayo mawili mbele ya jopo ameshajieleza. Jihadhari pia na madokezo ya zamani yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: wapo wanaoendelea kukariri OPRAS kama mfumo wa kupima utendaji kazi wa mtumishi, ilhali nafasi yake imeshachukuliwa na PEPMIS.

Majibu yatamkwe kwa sauti, mbele ya mtu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu jibu linalotiririka kichwani hukwama mdomoni. Ukiambiwa ujieleze, taja elimu yako, kazi uliyowahi kufanya na kinachokufanya uifae nafasi hiyo, ndani ya dakika mbili. Ukoo na idadi ya ndugu zako hazikuombwa. Ukiulizwa kuhusu uzoefu, eleza tukio moja la kweli: hali ilikuwaje, wewe mwenyewe ulifanya nini, na mwisho wake ulikuwaje. Mhitimu ambaye hajawahi kuajiriwa atumie mafunzo yake ya vitendo, asiseme hana uzoefu halafu akanyamaza. Usilolijua sema hulijui, kisha usubiri swali linalofuata bila kujitetea. Mshahara Serikalini hulipwa kwa ngazi iliyoandikwa kwenye tangazo la kazi, kama vile TGS D, kwa hiyo swali la unataka kiasi gani likija, jibu lake lipo tayari. Kwenye kampuni binafsi ndiko unakohitaji kuwa na kiwango ulichokwisha kupiga hesabu.

Mavazi yawe ya heshima na uwe umeyavaa angalau mara moja kabla ya siku hiyo. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, na usaili ukiwa Dodoma, nyumba za kulala wageni zilizo karibu hujaa mapema, hivyo fika siku moja kabla na uende ukalione jengo kwa macho yako. Akikupigia mtu akidai ameliona jina lako na anataka ya soda ili akusaidie, kata simu. Kuomba kazi na kusailiwa hakulipiwi, na TAKUKURU, wanaopambana na rushwa, wanapatikana kwa namba 113. Usimwachie mtu usiyemfahamu vyeti vyako halisi, hata kwa dakika tano za kwenda kunywa maji. Usile usichokizoea. Simu izimwe kabisa kabla hujaingia. Na laini uliyoiandika kwenye akaunti iendelee kupatikana hata miezi ikipita, kwa kuwa waliofaulu wakati nafasi zimeshajaa huwekwa kwenye kanzidata na wanaweza kupangiwa kituo baadaye bila kusailiwa upya; ikipotea, irejeshwe kwa namba ileile.