Baridi ya Juni nyanda za juu kusini: lala na joto bila kupasha nyumba nzima

Nyumba nyingi za Njombe, Makete na Mafinga hazikujengwa kushika joto. Bati liko juu bila dari, kila dirisha lina matundu ya hewa juu yake, sakafu ni saruji tupu. Hita ya wati 1,500 ikiwaka saa 4 kila usiku inakula yuniti 6, yaani 180 kwa mwezi, na joto lenyewe linapanda hadi kwenye bati na kupotea. Afadhali uchague kidogo cha kupasha: chumba kimoja, na humo kitanda, na kitandani mtu.

Hatua ya 1: Chagua chumba

Juni na Julai jua limeegemea kaskazini. Ukuta unaotazama kaskazini au magharibi hupata jua la mchana na kuliachia usiku, hasa ukiwa wa tofali za kuchoma. Chumba cha upande wa kusini mashariki ndicho kinachopigwa na kusi. Kigeuze stoo kwa miezi hiyo. Chagua chumba kidogo, na mlale wengi humo: mtu aliyelala hutoa joto la karibu wati 70, na watoto wawili chumba kimoja ni bora kuliko kila mmoja na chake.

Fungua mapazia jua likitoka, yafunge saa 11 jioni kabla vioo havijapoa.

Hatua ya 2: Zuia upepo, acha hewa

Washa kijiti cha udi, kipitishe taratibu pembeni mwa mlango na madirisha. Moshi unapopinda ndipo upepo unapopenya. Chini ya mlango, kata mguu wa jinzi kuukuu, ushone mwisho mmoja, ujaze mchanga mkavu, kisha ushone wa pili. Urefu uuzidi mlango kwa sentimita 10. Maranda yanapatikana bure kwenye viwanda vya mbao, ila ni mepesi na upepo huusukuma mfuko. Changanya na mchanga.

Dirisha la nyavu lisilo na kioo, lizibe kwa nailoni nene upande wa ndani, ukiibana kwa vipande vyembamba vya mbao na misumari midogo. Acha nafasi ya sentimita 2 hivi kati ya nailoni na nyavu.

Usizibe kila kitu. Tundu moja la juu, mbali na kitanda, libaki wazi usiku kucha. Wanaoziba yote huamka na matone yanayodondoka kutoka kwenye bati: ni pumzi zao wenyewe zilizokutana na bati baridi. Blanketi likilowa hata kidogo linapoteza joto, na baada ya wiki chache kuvu inaanza pembeni mwa kuta.

Kama una fedha ya jambo moja tu, iwe dari ya chumba hicho. Mapazia mazito na mazulia yasubiri.

Hatua ya 3: Panga kitanda kuanzia chini

Watu huongeza blanketi juu huku baridi inatoka chini. Sponji ikilaliwa hubonyea, na hewa baridi inapita katikati ya chaga. Tandaza maboksi makavu juu ya chaga, tabaka mbili, halafu godoro, halafu blanketi moja *chini* ya shuka. Hilo moja la chini linasaidia kuliko la tatu la juu.

Juu anza na shuka ya pamba, kisha blanketi lenye manyoya, mwisho kitu kilichofumwa kwa kubana kama kitenge, cha kuzuia upepo. Kitu kizito mno kinalibonyeza la manyoya na kuitoa hewa inayoshika joto, kwa hiyo cha juu kisiwe kizito kupita kiasi. Kila wiki inua godoro na uyaanike maboksi. Jasho hukusanyika hapo.

Hatua ya 4: Maji ya moto kitandani

Mfuko wa mpira wa lita 2 unatosha kitanda kimoja.

Chemsha, kisha acha maji yatulie dakika 5 hadi 10. Jaza theluthi mbili, ulaze mfuko kidogo hadi maji yafike mdomoni na hewa itoke, ndipo ukaze kizibo. Upindue juu ya beseni uone kama unavuja. Uvishe soksi nene au taulo, uweke miguuni dakika 20 kabla ya kulala. Mifuko mingi ina alama ya ua dogo shingoni, na mwaka wa kutengenezwa katikati yake. Ukizidi miaka 2, au mpira ukionyesha nyufa unapoukunja, utupe. Mpira uliochoka hupasuka ghafla, na maji humwagikia mapajani.

Huna mfuko? Chupa ya soda hunywea na kulegea kwa maji yaliyochemka, hivyo changanya nusu moto na nusu baridi. Dumu nene la mafuta ya kula linastahimili zaidi, mradi kifuniko kinakaza.

Kwa mtoto mchanga, mzee asiyehisi vizuri au mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni, pasha kitanda kwanza, *kisha toa mfuko* ndipo alale.

Hatua ya 5: Mwili

Soksi kavu za kulalia, si ulizoshinda nazo. Kofia ya sufu. Bora sweta mbili nyembamba kuliko moja nene. Ukikaa jioni, miguu isiguse saruji: mkeka juu ya boksi.

Jiko la mkaa libaki nje

Mkaa uliokolea mwekundu bila moshi ndio unaodanganya, maana unaonekana umeisha sumu. Bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na dirisha lililofunguliwa kidogo haliitoshi. Majivu juu ya makaa hayaizuii.

Mkiumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu watu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, msilale. Tokeni nje wote, mkiacha mlango wazi. Aliyezimia mbebeni hadi kwenye hewa safi na mumpeleke hospitali hata akizinduka, na muwaeleze wahudumu kwamba kulikuwa na jiko ndani.