Kuwinda Ndani ya Uzio: Mwongozo kwa Mwindaji wa Lindi na Mtwara

Mtu aliyekulia Liwale au Nanyumbu amezoea kuliona pori kama mahali pasipo na mwisho, ambapo mnyama huonekana leo na kesho amekwisha kuvuka mto. Ranchi binafsi ya wanyamapori haiko hivyo. Ni ardhi yenye mwenyewe na yenye uzio, na katika nchi nyingine ndani yake hufugwa hata wanyama wa kigeni ambao ardhi hiyo haikuwajua kabla ya kuletwa na binadamu. Anayealikwa kuwinda humo, ndani au nje ya nchi, hana budi kuanza na swali moja kabla ya kugusa bunduki: mnyama huyu ni wa nani?

Jibu hubadilika kila uvukapo mpaka. Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1991 humhakikishia mwenye ardhi iliyozungushiwa uzio wa kutosha kwamba umiliki wa wanyama wake haupotei hata wakitoroka. Katika jimbo la Texas nchini Marekani, kulungu wa asili ni mali ya umma, lakini nilgai, aina ya swala wakubwa wenye asili ya India, huhesabiwa kuwa mali ya mwenye ranchi na hawana msimu wa kukatazwa kuwindwa, ingawa mwindaji bado hutakiwa kuwa na leseni ya jimbo. Tanzania imechukua njia nyingine kabisa. Wanyamapori ni mali ya umma iliyowekwa chini ya dhamana ya Rais, na chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kuwa na hati ya ardhi hakukupi ruhusa ya kumpiga hata funo anayepita shambani mwako. Kwa hiyo muulize mwenyeji wako kibali chake cha kuendesha ranchi, kisha uhakikishe kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, kwamba leseni yako inataja aina ya mnyama, idadi na eneo. Bunduki nayo ina karatasi zake, ambazo huanzia polisi. Mwenyeji anayesema kwamba karatasi zitafuata baadaye, mshukuru kwa chai yake, kisha urudi nyumbani.

Baada ya hapo, chagua ranchi kwa jicho la mfugaji kuliko jicho la mgeni. Tazama nyasi na maji, na kama wanyama wana nafasi ya kumkimbia mwindaji hadi wakapotea machoni, kwa maana mnyama aliyefungiwa katika boma dogo na kuzoeshwa pumba kwenye ndoo hawindwi bali anachinjwa kwa bei kubwa. Uliza pia kuhusu uzazi. Nyumbu weusi wa Afrika Kusini wamewahi kuchanganyika na nyumbu wa kawaida katika mashamba, wakazaa machotara wanaoharibu ukoo wa pande zote mbili. Sisi wa kusini tuna nyumbu wetu mwenye mstari mweupe puani, na ningesikitika kumwona amechanganywa ili kumfurahisha mgeni. Hata hivyo, si haki kusema kwamba kufuga wanyama wa mbali ni uharibifu mtupu. Choroa wa Sahara, swala mkubwa wa jangwani, alitangazwa kuwa ametoweka porini mwaka 2000, na kama asingekuwa amehifadhiwa katika mazizi na ranchi za nchi za mbali, asingepatikana wa kurudishwa Chad mwaka 2016.

Kuhusu majira, huku kwetu mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu unaoishia karibu na Aprili au Mei, na nyasi za miombo hubaki ndefu kiasi cha kumficha palahala mzima. Kuanzia Julai nyasi hukauka, miti hupukutisha majani na wanyama husogea kwenye maji yaliyobaki. Vaa nguo za rangi ya udongo. Nyeusi na buluu huwavuta mbung'o, na mtu anayejipiga makofi shingoni hawezi kumnyatia mnyama yeyote.

Bunduki ijaribiwe hapo ranchini, hata kama ilikuwa sawa ulipoondoka Mtwara mjini, kwa sababu safari ya barabara mbovu huweza kusogeza darubini yake. Weka shabaha hatua mia moja, piga risasi tatu ukiwa umeegemea, na usiendelee mpaka zote ziangukie mahali pamoja. Kisha fanya mazoezi ya kupiga ukiwa umesimama na kuegemea fimbo tatu zilizofungwa pamoja, kwa kuwa ndivyo utakavyopiga mbele ya mnyama.

Kunyata ndiko kuwinda kwenyewe. Chukua jivu laini katika kitambaa chepesi, likung'ute mara kwa mara na ulitazame linaelekea wapi. Miezi ya kusi, upepo huvuma kutoka kusini kwa utulivu asubuhi, hivyo mwindaji huanzia kaskazini mwa kundi na kulisogelea huku upepo ukimpiga usoni. Jua likipanda, hewa ndani ya miti huanza kuzunguka, na mpango wote wa asubuhi huharibika. Hapo ni afadhali kukaa kivulini mpaka alasiri kuliko kulikurupusha kundi. Usimtazame yule umtakaye peke yake. Mara nyingi anayekuona ni jike mzee aliyesimama kando, na akipiga kwato chini mara moja, simama kama kisiki kwa muda wote atakaotaka. Ndani ya ranchi kuna kishawishi cha kutumia gari kulisukuma kundi hadi kona ya uzio. Kukataa jambo hilo ni wajibu wako hata kama dereva anaona anakusaidia.

Subiri mnyama akupe ubavu. Fuata mguu wa mbele kwa macho kutoka chini, panda hadi theluthi moja ya kimo cha kifua, na hapo ndipo penye moyo na mapafu. Akiwa amekupa mgongo kwa mshazari, lenga ili risasi itokee kwenye bega la upande wa pili. Akikutazama uso kwa uso, au akiwa na mwenzake nyuma yake, usipige. Sheria za dini pia zina nafasi yake hapa: Mwislamu hutamka Bismillahi kabla ya kufyatua, na akimkuta mnyama yu hai humchinja. Ngiri, ambaye Mwislamu hamli, hutengewa kisu chake na ndoo yake, jambo ambalo wageni wengi hulisahau wakaharibu nyama ya kambi nzima.

Mlio ukiisha, usikimbie. Kumbuka mti aliokuwa amesimama chini yake, kisha nenda ukasome damu. Damu ya waridi yenye povu hutoka mapafuni, na mnyama huyo hulala karibu baada ya dakika chache. Damu nyeusi iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa ni ya tumbo. Huyo aachwe apumzike saa moja au zaidi, kwani akifukuzwa mapema atakwenda hadi giza likuingilie. Mpe msoma nyayo nafasi ya mbele na wewe umlinde kutoka ubavuni, bila kuzungumza. Umkaribie mnyama kutoka mgongoni na umguse jicho kwa kijiti kirefu. Akipepesa, bado.

Joto la Lindi halisamehe nyama. Mpasue papo hapo, toa matumbo bila kuyatoboa, tundika mzoga kivulini na uuache wazi upepo uupoze. Ngozi ichunwe siku ileile na isuguliwe chumvi nyingi upande wa nyama, hasa masikioni na midomoni, ambako manyoya hung'oka kwanza. Ukikuta mnyama amekufa mwenyewe huku damu isiyoganda ikimtoka puani, usimguse wala usimpasue, bali mwite daktari wa mifugo, maana kimeta huua watu.

Nyama ya mgawo wako usiipeleke sokoni. Kuuza nyamapori kunahitaji kibali cha bucha ya nyamapori, na pembe au ngozi utakayobaki nayo ni nyara inayohitaji hati ya umiliki kabla haijatoka getini.