Smog Check ya California kwa gari la zamani: namba ya masega (catalytic converter) kwanza, fundi baadaye

Barua ya DMV, idara ya magari ya jimbo, ikidai Smog Check, yaani kipimo cha moshi wa gari, lipa ada ya usajili kwa wakati hata kama unahofia gari halitapita. Stika hutapewa mpaka gari lipite, lakini faini ya kuchelewa utakuwa umeikwepa.

Gari la petroli la 1975 kurudi nyuma halipimwi. La 1976 hadi 1999, katika maeneo mengi hupandishwa kwenye rola na kupimwa moshi. La 2000 na kuendelea huunganishwa na kompyuta. Yote hukaguliwa pia kwa macho, na gari langu la 2003 lilikwama hapo, ingawa masega, kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, yalikuwa mapya kabisa. Gereji iliyoyafunga ilinihakikishia ni halali. Yalikuwa halali kwa sheria ya shirikisho tu. California inataka masega yasiyo ya kiwandani yawe na namba ya kibali cha CARB, bodi ya hewa ya jimbo, iitwayo EO, iliyogongwa kwenye bati pamoja na mshale wa mwelekeo wa moshi. Bila namba hiyo gari linaanguka, hata moshi uwe safi namna gani, na pesa ya masega inalipwa mara mbili.

Kwa hiyo, kabla fundi hajakata bomba, fungua boneti upige picha lebo ya moshi. Inaonyesha kundi la injini, na kama gari liliidhinishwa kwa California au kwa shirikisho. Gari la aina moja, la mwaka mmoja, linaweza kuhitaji EO tofauti kwa sababu ya kundi hilo tu. Tafuta EO yake kwenye tovuti ya CARB, kisha mwambie fundi aiandike kwenye makadirio ya bei. Akikataa, ondoka. Masega yaliyotumika usinunue. Kuyafunga ni marufuku.

Kama kipato chako hakizidi asilimia 225 ya kiwango cha umaskini cha shirikisho, omba Consumer Assistance Program, msaada wa jimbo wa gharama za matengenezo, mara gari likianguka kwenye kipimo cha kila miaka miwili. Gari la 1996 na kuendelea husaidiwa hadi dola 1,450. Subiri barua ya kukubaliwa ndipo utengeneze, kwa sababu matengenezo uliyokwisha kulipia hayarudishwi. Gari lililoanguka kwa mfumo wa moshi uliochezewa halipokelewi, na masega yasiyo na EO yanaweza kukutupa kundi hilo.

Baada ya matengenezo usikimbilie kupima. Betri ikichomolewa, kompyuta ya gari inafuta majaribio yote inayojifanyia ya mfumo wa moshi, na kwa petroli ya 2000 na kuendelea ni jaribio la mvuke wa mafuta pekee linaloruhusiwa kubaki halijakamilika. Endesha siku kadhaa, mjini na barabara kuu, halafu fundi asome kwanza kwa skana kama majaribio yamekamilika, ndipo upime.

Muda ukikuishia huku gari limeshaanguka na ada umelipa, DMV hutoa kibali cha siku 60 kwa dola 50. Hutolewa mara moja tu ndani ya miaka miwili.