Namna ya Kutumia Vipimo vya Mkojo Kufuatilia Tiba ya BCG kwa Saratani ya Kibofu

BCG, ambayo wengi tunaijua kama chanjo ya kifua kikuu, imetumika kutibu saratani ya kibofu isiyozama kwenye msuli tangu Alvaro Morales na wenzake wa Kingston, Kanada, walipochapisha matokeo yao mwaka 1976. Bakteria waliodhoofishwa huingizwa kibofuni kwa mpira wa mkojo, mara 1 kila wiki kwa wiki 6, ili kinga ya mwili iamke na kuzishambulia seli za saratani. Kuamka huko ndiko kunakotatiza usomaji wa vipimo, kwa kuwa kibofu kilichochokozwa na dawa humwaga chembe nyeupe, damu na protini kwenye mkojo.

Chukua sampuli ya kwanza kabla ya dozi ya kwanza, kwani bila hiyo matokeo ya baadaye hayatakuwa na cha kulinganishwa nacho. Mkojo wa kwanza wa asubuhi haufai kwa uchunguzi wa seli, kwa sababu seli zilizokaa humo usiku kucha huwa zimeharibika. Mgonjwa akojoe, anywe maji, kisha atoe mkojo unaofuata, nao ufikishwe maabara mapema au utiwe dawa ya kuhifadhi seli. Maambukizi ya njia ya mkojo yatibiwe kwanza, na kwa mkazi wa Unguja, Pemba au maeneo mengine yenye kichocho, ugonjwa huo nao uchunguzwe.

Kuhusu kipimo cha kuchagua, uchunguzi wa seli kwa hadubini, yaani saitolojia, hugundua vizuri saratani kali, ingawa ile ya daraja la chini huipita mara nyingi. Mwandikie mtaalamu wa maabara kwamba mgonjwa yuko kwenye BCG, maana dawa hubadili sura ya seli zisizo na saratani. Vipimo vya protini, kama NMP22 na BTA, ni vya haraka, lakini damu na uvimbe huvipotosha kiasi kwamba, kwa maoni yangu, havistahili gharama katika kipindi hiki. FISH, kipimo cha vinasaba vya seli za mkojo kinachotafuta nakala za ziada za kromosomu 3, 7 na 17 na upungufu wa kipande cha kromosomu 9 kiitwacho 9p21, haiyumbishwi sana na uvimbe. Kikwazo chake ni bei, na hadubini yake haipatikani kila hospitali.

Rudia kipimo kilekile mwishoni mwa wiki 6 na tena mwezi wa 3 tangu tiba ianze, sambamba na kuchungulia kibofu kwa kamera, kwa kuwa hakuna kipimo cha mkojo kinachochukua nafasi ya kamera hiyo. Saitolojia ikionyesha saratani ilhali kibofu kinaonekana safi, vipande vidogo vya nyama vichukuliwe kibofuni kwa uchunguzi, na mirija ya figo, pamoja na mkojo unapopita kwenye tezi dume, ichunguzwe. FISH iliyobaki chanya baada ya dozi inaashiria hatari kubwa zaidi ya saratani kurudi, hivyo ufuatiliaji ukazwe, lakini tiba isisimamishwe kwa jibu hilo peke yake: saratani bapa ya juujuu ambayo bado ipo mwezi wa 3 huweza kutoweka kufikia mwezi wa 6 BCG ikiendelezwa.