Kumtoa ndugu kwa nabii bila kugombana

Usianze kwa kumponda nabii, atamtetea tu. Anza na hela. Fungueni taarifa ya miamala ya simu ya miezi 6, pigieni mstari kila "mbegu" (sadaka ya kupanda ili abarikiwe), kila chupa ya mafuta ya upako, kisha ajumlishe mwenyewe kwa kikokotoo. Akinyamaza, nawe nyamaza.

Dawa hazisubiri hayo. Kama ameacha za presha, sukari au ARV, arudi kliniki wiki hii hii. Loliondo, 2011, wapo walioacha ARV kwa kikombe cha dawa ya miti shamba ya Babu, cha shilingi 500.

Grupu la WhatsApp la kanisa la nabii ajitoe usiku. Asubuhi simu za "kujuliana hali" zitaanza. Asipokee. Jumapili ya kwanza ndiyo ngumu: mpeleke Kariakoo, Coco Beach, popote penye watu.