Jinsi ya kutengeneza data ya watoto ya kulinganisha nchi na nchi

Wenzangu mnaofanya kazi ya data ya watoto wadogo hapa Kampala mnaniuliza sana, mbona namba za Uganda ukiziweka na za Kenya na Tanzania zinakataa kukaa pamoja. Ntawaonyesha navyofanya mimi.

Hatua ya kwanza, kabla hujafungua hata Excel, andika maana ya kila namba. Hapa ndo kazi yote ilipo manake ukikosea hapa hakuna pa kurekebishia mbele. Chukua likizo ya uzazi. Sheria ya ajira ya Uganda ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi, ya Kenya ya 2007 miezi mitatu, Tanzania siku 84, akijifungua mapacha 100. Ukizimwaga hivo hivo kwenye jedwali, 60, 90, 84, Uganda inaonekana iko nyuma kabisa. Lakini 60 zetu ni za kazi jamani, Jumapili haimo! Mama anayefanya kazi siku tano kwa wiki anapata wiki 12, sawasawa na 84 za Tanzania, anayefanya siku sita anapata wiki 10. Kwa hiyo weka kolamu ya maneno ya sheria kama yalivyoandikwa, halafu kolamu ya wiki, na pembeni andika umehesabu vipi. Baada ya hapo ndo ulinganishe na wiki 14 za mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 183.

Na kolamu ya tatu usiiache, inamfikia nani. Mama anayeuza nyanya soko la Nakasero hana mwajiri, mtoto wa wiki tatu amelala kwenye boksi chini ya meza na yeye anapima kilo, sheria ya siku 60 haimjui. Sera nzuri kwenye karatasi na mtoto kwenye boksi ni data mbili, zote ziandikwe.

Hatua ya pili, umri. Umri wa mtoto mdogo unaandikwa kwa miezi, usiandike "miaka miwili" basi. Omba kadi ya chanjo kwanza, ikiwa imepotea tumia matukio: alizaliwa shule zikiwa bado zimefungwa kwa korona au zishafunguliwa, yaani kabla au baada ya Januari 2022? Kabla ya sensa ya Mei 2024? Miezi ndo inaamua hata anapimwaje urefu, chini ya miezi 24 analazwa kwenye ubao, kuanzia 24 anasimama, na hizo njia mbili zinapishana kama sentimita 0.7. Wakikupa data ya waliolazwa na waliosimama bila kuandika nani ni nani, irudishe.

Hatua ya tatu ni maswali. Kipimo cha UNICEF cha ukuaji wa mtoto, ECDI2030, kina maswali 20 kwa watoto wa miezi 24 mpaka 59, kile cha zamani kilikuwa na 10 na kilianza miezi 36, sasa usiviunge kwenye mstari mmoja wa grafu. Alafu jaribu tafsiri yako kwa watu wenyewe. Kule Nakivale, makazi ya wakimbizi, tulikuwa na fomu ya Kiswahili, swali nani anabaki na mtoto mchana, jibu mojawapo "bibi". Wababa wa Kikongo wakajibu bibi yangu, wakimaanisha mke, mkusanya data akaweka alama kwa bibi wa mtoto, yaani mama wa mzazi wake. Data ikasema watoto wanalelewa na vikongwe! Tulirudia nyumba kwa nyumba, siku nne.

Nasari nayo: Uganda tuna baby, middle na top, miaka mitatu, Kenya PP1 na PP2, miaka miwili, Tanzania awali ya mwaka mmoja. Asilimia ya jumla ya watoto walio nasari haitakusaidia. Chukua mwaka mmoja tu kabla ya umri rasmi wa kuanza darasa la kwanza, ndo kipimo cha malengo ya maendeleo ya dunia (SDG).

Mwisho, mwaka. Udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, Uganda ulikuwa asilimia 29 kwenye utafiti wa 2016, Kenya 18 mwaka 2022, na mtu anaziweka pamoja anasema Kenya imetuacha mbali. Miaka sita iko katikati hapo! Jirani wa karibu wa 29 yetu ni ile 26 ya Kenya ya 2014. Andika mwaka mtoto alipopimwa, mwaka wa ripoti uweke kolamu nyingine, na nchi isiyo na namba iachie nafasi wazi, usiweke sifuri, manake sifuri inasema tulienda tukapima na hatukukuta mtoto hata mmoja aliyedumaa.