Kiangazi cha Dodoma na shingo ya gitaa la umeme
Kuanzia Juni hewa kavu ya Dodoma husinyaza mbao: shingo hunyooka kupita kiasi, nyuzi hugonga freti (vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) za mwanzo, na ncha za freti hukwaruza kiganja (chuma hakijarefuka, mbao ndiyo imepungua). Tuni kwanza, yaani weka kila uzi kwenye sauti yake. Bana uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya mwisho, pima mwanya juu ya freti ya 7: milimita 0.2 hadi 0.3. Ukikosekana, legeza chuma cha ndani ya shingo kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), robo mzunguko kinyume na mwendo wa saa, tuni, pima tena. Alenki iliyolika pembe itaharibu nati ya chuma hicho, itupe. Nati ikigoma, mwachie fundi. Ncha za freti zilainishe kwa tupa laini (kifaa cha kusugulia chuma). Usilitundike gitaa chini ya bati.